Kijarida Kilichomtukana Bosi Wangu

Nimeona watu wengi wakiiba vitabu maktaba. Kuna mmoja alijifanya mjamzito, kumbe tumboni kabeba kamusi.

Lakini sikuwahi kuona mtu akiiingizia maktaba vitu kwa siri. Mpaka vijarida vilipoanza kuota kwenye chumba changu cha kazi.

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu. Nakusanya vijarida ambavyo wanafunzi wanajichapia wenyewe. Mtu anaandika mashairi yake, vichekesho, malalamiko ya bweni, anachora, anatoa fotokopi, anabana pini, anagawa. Hakuna mhariri wa kumwambia futa hapo.

Mimi nang'oa zile pini zisije zikashika kutu zikala karatasi, nashona kwa uzi, naviweka kwenye bahasha maalumu. Ili wajukuu zetu wajue vijana wa leo walicheka nini.

Bosi wangu, mkurugenzi wa maktaba, aliviita takataka zilizobahatika kupata kabati.

Tulimpachika jina Profesa Utangulizi, kwa sababu hotuba zake hazijawahi kufika kwenye jambo lenyewe. Ameandika vitabu vinene kama matofali. Cha mwisho kiliazimwa na mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Nadhani alitaka kujua kinaishaje.

Muhula uliopita akaniita.

"Dada, hicho chumba nakihitaji. Nataka sebule ya wageni."

"Na vijarida, Profesa?"

"Wapo wanaonunua karatasi chakavu."

Nilirudi kwenye bahasha zangu. Kazi ya miaka, iende kufungia karanga.

Haikupita muda, nikakuta kijarida kwenye sanduku la kupokelea. Hakina jina la mwandishi. "Tai Imebana". Ni kisa cha mkurugenzi wa maktaba ambaye kila akitaka kudanganya hukaza tai kwanza, mpaka siku moja akazimia mbele ya wafadhili.

Ndugu zangu, nilifunga mlango ili nicheke kwa nafasi.

Kikaja cha pili. Kikaja cha tatu, humo mwishoni mkurugenzi haoni mlango wa kioo, anaugonga kwa paji la uso. Habari zikavuja. Chumba kilichokuwa changu mimi na mende, sasa kina foleni.

Utangulizi akawaka. Akaapa mwandishi atafukuzwa chuo. Habari za karatasi chakavu zikasimama kwanza, maana ushahidi hautupwi.

Ila kila jioni alikuwa ananipitia.

"Leo wamekuja wengi?"

"Wengi, Profesa."

"Wanacheka wapi?"

"Pale kwenye tai."

"Kwenye mlango wa kioo hawacheki?"

Nikamwonea huruma. Nikasema maskini mzee wa watu, anajitonesha kidonda.

Kisha wakamkamata Mkasi.

Mkasi ni binti wa mwaka wa pili, fundi wa kukata picha magazetini na kutengenezea vijarida. Mlinzi alimwona akitumbukiza bahasha sandukuni. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, kuhusu vyoo vya bweni, lakini nani asikilize? Akaitwa kamati ya nidhamu.

Mama yake alikaa nje kwenye benchi, kaukumbatia mkoba wake kama mtu wa msibani.

Ndani alikuwepo mkuu wa chuo, mwanasheria wa chuo, Utangulizi kama mlalamikaji, na mimi na sanduku langu la vielelezo.

"Binti, wewe ndiye uliyeandika 'Tai Imebana'?" mkuu wa chuo akauliza.

Nilimkazia macho akatae.

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

Mwanasheria akafungua kalamu.

"Na naomba radhi," Mkasi akaendelea. "Siyo kwa matusi. Kwa uandishi mbovu. Cha kwanza kina utani wa kizee. Cha pili maneno mengi. Cha tatu ndiyo aibu kabisa, mwisho wake haueleweki."

Utangulizi akajikohoza. "Haueleweki vipi?"

"Ule mlango wa kioo, Profesa. Umewekwa tu."

"Haukuwekwa tu. Ule mlango ni ishara."

"Ishara ya nini?"

"Ya ubatili wa madaraka, mtoto wewe. Ule mwisho nimeuandika upya wiki nzima, mke wangu ni shahidi."



Mwanasheria akabaki na kalamu hewani. Mkuu wa chuo akavua miwani taratibu.

"Ameuandika nani?"

Mzee mzima akatazama meza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuja kupima chumba kwa ajili ya ile sebule, akafungua kijarida kimoja, akajikuta anakisoma huku amesimama. Vitabu vyake hakuna aliyewahi kuvisoma hata amekaa. Akajaribu na yeye.

"Na huyu binti tungemfukuza?"

"Nilidhani akifukuzwa, kijarida kingesomwa zaidi."

Mkasi akaachiwa, mama yake akafunguliwa mlango. Alimshika mwanawe mkono wakaondoka. Niliwafuata mpaka kwenye ngazi.

"Mwanangu, ulijuaje kuwa ni yeye?" nikamwuliza Mkasi.

"Dada, vijarida vyote vile habari ni yeye tu. Mwanafunzi gani ana muda wa kumfikiria mkurugenzi wa maktaba kiasi hicho?"

Utangulizi alivuliwa ukurugenzi, akarudishwa darasani. Chumba kipo. Foleni ipo, ingawa sasa wanasoma cha vyoo.

Juzi akanijia, mnyenyekevu kabisa. Nikajua amekuja kuomba msamaha.

"Dada, kwenye kumbukumbu za maktaba, naona 'Tai Imebana' mmeandika mwandishi hajulikani. Naomba jina langu kamili. Na uprofesa usiusahau."

Nimemwandika. Kwa penseli.

Ukimsikia mtu anaita kazi za wenzake takataka, usimbishie. Msogezee pipa, huenda anatafuta nafasi yake.