Kipanga wa mtaa hahesabiwi

Leo mutu asiniambie pole.

Kipanga amebeba kifaranga wa mama mbele ya macho yangu, na hapa mtaani kwetu Katoyi mimi ndiye wanaita mtaalamu wa vipanga.

Munajua nimerudi juzi kutoka Uganda, nilikuwa volontere, mwenye kujitolea bila mushahara, wa kuhesabu ndege wawindaji wenye kuhama. Mama ameitangaza habari hiyo mpaka kanisani.

Leo asubuhi anaenda soko, ananiachia vifaranga wake. Jirani yetu Mama Furaha anasikia, naye analeta wake, anamuambia mama: "Si mutoto wako ni wa vipanga?"

Sawa. Nikakaa kwenye mawe ya volkano na darubini yangu. Juu kabisa, kundi kubwa la vipanga lilikuwa linapita kwenda kusini. Muzuri sana, jamani.

Kisha mmoja akashuka karibu na mabati yetu.

Nilimuona. Hapo mucheke basi.

Kule tulifundishwa kwamba kipanga wa mtaa hahesabiwi, maana anazunguka palepale, utamurudilia kumuhesabu siku nzima. Tunahesabu wenye kusafiri tu.

Kwa hiyo nikamuacha, nikarudisha macho juu.

Kelele za kuku ndizo zilinishusha.

Mama aliporudi nikamueleza hiyo sheria, vizuri kabisa. Akaweka kitunga chini, akaniangalia.

"Benye kupita unabajua bote. Na huyu mwenye kukula kwetu kila siku?"

Mama Furaha akaja kuchukua vifaranga wake.

Aliwahesabu tu, polepole, mbele yangu.