Mzimu Mwenye Adabu

Mtafsiri wa filamu katika ukumbi wetu wa video, hapa Gitega, Burundi, karibu na soko, hajui Kikorea hata neno moja, na hilo halijawahi kumzuia. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, hukaa kando ya televisheni, kofia mapajani, maikrofoni kaifunga kitambaa, akawasemea wahusika wote: polisi kwa sauti nzito, bibi kwa kikohozi, na mzimu wa kike mwenye nywele usoni kwa Kiswahili laini cha Tanzania, alikokulia ukimbizini. Mizimu wake wana adabu. Kabla ya kupenya ukutani kwenda kumnyonga mtu, lazima waseme, "Hodi, hodi wenyewe!" Ukumbi mzima huitikia, "Karibu!" na Pili, muuza sambusa, hucheka mpaka machozi. "Muzimu gani iko na adabu hivi?"

Jumapili iliyopita mzimu alikuwa msichana aliyeuawa akasahau kila kitu, hata jina lake. Alipiga hodi nyumba baada ya nyumba, nasi tukamkaribisha. Mwishoni akafika kwenye nyumba moja, akagusa mlango, akakumbuka. Ndani, watu wengine walikuwa wanakula. Akaingia. Maikrofoni kimya, na sisi tumeshavuta pumzi ya kuitikia.

"Eh, we!" Pili akapiga kelele. "Umesahau hodi!"

Mtafsiri alikuwa akiikunjakunja kofia yake. "Sijasahau," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo hatukuwa tumeizoea. "Mtu hapigi hodi kwao."