Barafu Iliyomchoma Akuwam

Akuwam alikuwa na mdomo, na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma muuza samaki asiye na mdomo hali. Samaki wake walitoka ziwani Kalokol, wakapita Lodwar, wakafika kambini wamechoka kuliko dereva. Barafu ya kuwahifadhi aliinunua kwa Bior, kijana wa Kidinka mwenye friza mbili na jenereta yenye kelele. Kwa miaka minne walitaniana kila asubuhi kama mama na mwana, Bior akimwita Mama Ekal.

Mwanzoni mwa 2013 tumbo lilimpeleka hospitali ya Eldoret. Akatolewa uvimbe kwenye utumbo, kisha akaandikiwa dripu nane za dawa ya saratani, moja kila wiki tatu. Alikuwa na wajukuu wawili aliotaka kuwaona wakikua, kwa hiyo aliapa kumaliza zote nane. Muuguzi alipomwonya ajiepushe na vitu vya baridi, alicheka.

"Sista, mimi natoka Lodwar. Kwetu hata maji ya bomba inatoka na moto."

Kwa dripu mbili za kwanza alipumzika nyumbani Lodwar, na kweli hakukuwa na cha baridi cha kumsumbua. Baada ya dripu ya tatu alijisikia ana nguvu, akarudi Kakuma. Asubuhi ya kwanza sokoni alizamisha mikono kwenye sanduku la samaki, na ikawa kama ameizamisha kwenye makaa. Vidole vikajikunja, machozi yakamtoka, na mbuta wa kilo tano akaanguka mchangani.

Hapa ndipo mdomo ulipotangulia akili. Maji ya bomba ya kambini hutiwa klorini, na kuna siku inazidi mpaka chai hainyweki. Baridi haichomi mtu, Akuwam alijua hivyo tangu azaliwe. Kinachochoma ni dawa hiyo ya maji. Akakata kesi papo hapo.

"Bior, umegandisha dawa," alimwambia kwa sauti ya soko zima. "Imechoma mimi kama moto. Unataka kuua watu?"

Wateja waligeuka. Mama mmoja alirudisha samaki aliyekuwa amemchagua. Bior alivua shati, akalikumbatia donge zima la barafu kifuani mpaka maji yakamlowesha suruali, kisha akavunja kipande, akakitafuna.

"Ona, Mama Ekal. Ngozi yangu iko sawa. Hii maji watoto yangu nakunywa."

Akuwam aligusa barafu kwa ncha ya kidole. Moto ni ule ule. Kama barafu ni nzima, basi mgonjwa ni yeye.

"Basi hii ugonjwa imefika mpaka vidole," alisema polepole. "Ama hiyo dripu ndiyo inaniua. Mimi sirudi Eldoret."

Bior alisahau kukasirika. Alimpakia kwenye bodaboda, akampeleka zahanati kwa Sellah, afisa wa afya aliyewajua wote wawili. Sellah aliuliza jina la dawa, akaisoma karatasi ya hospitali, akatabasamu.

"Mama, neva zako zina vilango vidogo ambavyo jicho halivioni. Baridi ikigusa ngozi, vinafunguka, chembe za chumvi zinaingia na umeme kidogo unakimbia hadi kichwani. Hiyo dawa imevivuruga. Vikifunguka havijifungi upesi, kwa hiyo baridi kidogo inafika kichwani kama moto."

"Si ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Ni dawa. Ukifika Eldoret mweleze daktari kila kitu, ajue namna ya kukupimia dawa. Ukimaliza dripu zote, moto huu utapungua taratibu, ingawa ya nne inaweza kuuma kuliko hii."

Akuwam alishusha pumzi, halafu akaanza kuwaza tena. Angeuzaje samaki bila kushika barafu?

"Mikono yangu iko mbili," Bior alisema. "Samaki yako nitauza mimi. Nenda ukamalize."

Waliporudi, watu walikuwa bado wamesimama wakisubiri ugomvi uendelee. Akuwam alikwenda pale pale alipopiga kelele.

"Nilisema uongo juu ya Bior, na nyinyi mlisikia. Barafu yake ni safi. Sasa muisikie na hii."

Aliona haya mpaka masikioni, lakini alisema yote. Juma lililofuata akapanda basi la Eldoret.

Dripu ya nane aliimaliza Septemba, na daktari akamwambia utumbo ni safi. Kakuma alifika kabla ya jua kali, akamkuta Bior mezani akipanga samaki. Miezi minne ya barafu na magamba ilikuwa imempasua vidole mpaka damu. Akuwam alivitazama. Aliketi kando yake, akafungua kopo la mafuta aliyojipakia njiani.

"Lete mikono, mwanangu," alisema, akaanza kumpaka, kidole kimoja kimoja.