Tela Lililompeleka Bibi kwa Baba Yake

Nilikuwa na daftari kubwa, na ndilo lililoniponza. Humo niliandika yote niliyosoma juu ya Vita vya Maji Maji, mahali kwa mahali. Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na aliyejifundisha mwenyewe huogopa kukosea kuliko aliyefundishwa.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa mtoto wa mmoja wa wale walionyongwa na Wajerumani pale Songea na kuzikwa pamoja katika shimo moja. Baba yake alimwacha tumboni. Maisha yake yote alilima mahindi na tumbaku upande wa Namtumbo, na hakuwahi kufika kaburini. Kisha kiharusi kikamchukua mkono na mguu wa kushoto. Ulimi ulibaki, ingawa ulikuwa mzito kidogo. Alitaka jambo moja tu: amwage unga wa tambiko pale, amweleze baba yake maneno aliyoachiwa na mama yake, kwa kinywa chake mwenyewe, kabla kinywa hicho nacho hakijachukuliwa.

Kukaa kwenye basi hakuweza. Jirani yetu, Mhehe, mtani wetu sisi Wangoni, alikuwa dereva wa kambi ya barabara. Zilipokuja enzi za ruksa na mashirika ya umma yakaanza kufungwa, alinunua mnadani tela la kulala la mainjinia: kibanda cha bati juu ya magurudumu mawili, chenye kitanda na dirisha. Alilivuta kwa Land Rover yake kuukuu. Tukamlaza Bibi humo.

"Mke mwenzangu," aliniambia, "twende moja kwa moja."

Nikaitika. Lakini nilikuwa nimeshapanga: kwanza pango walimojificha watu wakati wa vita, kisha magofu ya kituo cha Wajerumani, kaburi liwe la mwisho. Sikutaka tufike kaburini kabla vita havijaanza daftarini. Ndivyo nilivyofikiri, na sasa naona aibu hata kuandika.

Pangoni nilipima mlango kwa hatua, nikachora. Mstari ulipinda, nikafuta, nikachora tena. Bibi akaniita dirishani.

"Njoo ukae hapa nikupe yale maneno. Nikishindwa, utayasema wewe."

"Nakuja, Bibi."

Dereva alikuwa ameegemea gari. "Wewe Mngoni, hilo pango halikimbii. Waliokimbia ni babu zako, tulipowafukuza."

Bibi alicheka hadi tela likatikisika. "Mla mbwa we! Sisi ndio tuliowafukuza, mkasahau mbwa chunguni!"

Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia, na nilikisikia nikiwa nje, nimeinamia daftari.

Kesho yake, kwenye magofu, mvua iliniloweshea kurasa mbili. Ningeweza kuziacha. Nikamwomba dereva tusubiri jua ili ninakili upya. Bibi aliita mara mbili. Mara zote mbili nilijibu kwamba nakuja. Mara ya tatu haikuwa neno, ilikuwa sauti. Nilipofungua mlango, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande.

Dereva aliendesha bila kusimama hadi hospitali ya Songea. Baada ya siku tatu daktari alituruhusu tuondoke naye, akasema ulimi huenda usirudi. Bibi alinyoosha mkono wa kulia kuelekea makaburini.

Dereva alirudisha tela kinyumenyume hadi mlango ukatazama kaburi. Mlinzi wa makaburi, mzee wa makamo, aliitikia shikamoo zetu, akauliza, "Nani anasema nao?"

Nilifungua daftari. Kulikuwa na miaka, ramani, idadi ya hatua. Hakukuwa na neno hata moja la kumwambia mtu aliyekufa. Nilimwinamia Bibi nikatega sikio. Akanipiga begani kwa ule mkono mzima, bila nguvu, tena na tena.

Ndipo dereva akavua kofia.

"Basi nitasema mimi, mtani wenu. Ninyi Wangoni mliolala humu, nimezoea kuwaita waoga. Binti yenu amekuja akiwa kitandani, amewashinda nyote kwa ushujaa. Mpokeeni. Maneno alikuwa nayo. Mjukuu wake ndiye aliyemchelewesha."

Mtani akikusema makaburini huruhusiwi kukasirika. Nami nilikasirikia nini? Alisema kweli, mbele ya wale ambao sikutaka waijue.

Nilimwekea Bibi unga kiganjani, nikaushika mkono wake nje ya mlango, akaumwaga. Kisha akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, sauti ikipanda na kushuka, akinyamaza mahali pa kunyamaza, kama mtu asiyeruka hata neno moja. Hakuna lililoshikika.

"Anasema nini?" mlinzi aliuliza.

Penseli ilikuwa mkononi mwangu.

"Sijui," nilisema.