Shuka Kavu

Shangazi yangu alikuwa dobi, na mbele ya dobi hakuna mwenye siri. Alijua nani mtaani kwetu analala na soksi za matope, nani anamwaga machozi kwenye foronya, na nani amehamia chumba cha pili bila kuaga. Watu walimwita Mama Pasi. Ukimpelekea shuka lenye doa, aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akalikodolea macho, kisha akakutazama wewe badala ya doa. Mimi mwenyewe, mtu mzima na watoto wangu, nilikuwa naficha foronya zangu na kuzifua kwa siri nyumbani.

Duka lake lilikuwa chumba kirefu chembamba. Mbele palikuwa na meza ya kupokelea nguo, katikati meza ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, na nyuma masinki ya saruji na mlango wa kutokea uani penye kamba. Yeye alilala kwenye chumba cha pembeni. Dawa ya madoa ilikuwa imemchujua mikono hadi kwenye viwiko, na vidole vyake havikunyooka tena vizuri. Watu wanasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Yeye aliongeza lake: "Na ukishaingia, funua kitanda." Aliwahi kuvunja uchumba wa binti wa jirani kwa sababu tu ya mashuka ya yule bwana, na kusema kweli hakukosea.

Aliyethubutu kumtania alikuwa mmoja tu, kaka yake, ambaye kwangu ni baba mkubwa. Alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka. Pasi ya kwanza ya Shangazi ndiye aliyeinunua, na bango la duka ndiye aliyeliandika, kwa herufi nyekundu zenye madoido mengi kuliko duka lenyewe. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alipita pale, akakalia ndoo iliyogeuzwa, akanywa chai kikombe juu ya kikombe.

"Kaka, wewe unakunywa maji kuliko pasi ya mvuke," Shangazi alimwambia.

"Na moshi wangu ni mzuri kuliko wa pasi yako, Povu," alijibu, akiwasha sigara.

Hilo la Povu lilikuwa lake peke yake. Mteja mmoja alilijaribu, na suruali zake zikakaa muda mrefu sana bila kupigwa pasi.

Kiharusi kilimkuta Baba Mkubwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Hakuvunjika, lakini upande wa kulia ulikufa na ulimi ukawa mzito. Akili nayo ikawa ya kuja na kuondoka. Mkewe alikuwa ameshatangulia na hawakujaliwa watoto. Baba yangu, ndugu yao wa tatu, naye alikuwa kaburini zamani. Mimi nilikuwa na vyumba viwili vilivyojaa watoto na mume. Kwa hiyo Baba Mkubwa akahamia chumba cha Shangazi nyuma ya duka, na Shangazi akaanza kulala kwenye meza ya pasi.

Alijitahidi kadiri ya nguvu zake. Lakini kaka alikuwa mtu wa mwili, na yeye mgongo ulikuwa umeshaliwa na sinki. Siku moja alikuwa anamtoa msalani, wakateleza wote wawili, wakalala chini kwenye sakafu yenye maji mpaka alipokuja mtu kuchukua shati lake. Baada ya hapo Shangazi aliniita. Hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, nisindikize tukatafute mahali pa kumweka kaka yangu." Majirani wakasema lao, eti kamtupa. Hao hao hawakuwahi kuja kumgeuza hata ubavu mmoja.

Tulikwenda kutazama nyumba mbili za wazee.

Ya kwanza ilitupokea na harufu ya mkojo tangu getini. Magodoro yalikuwa yameegemezwa ukutani juani, kila moja na ramani yake. Mashuka yalikuwa yametupwa juu ya michongoma, mengine bado yanadondosha maji. Ndani wazee walikuwa wanabishana na kuchekana juu ya mchezo wa karata kwa sauti ya kukera, na mama mmoja mnene mwenye kanga kiunoni alikuwa akizunguka na jagi la maji, akimiminia kila mmoja na kumgombeza: "Kunywa, babu, acha maringo!" Shangazi alifunika pua kwa kiganja. Alifunua kitanda kimoja, akakifunika haraka.

"Lakini wanacheka hawa," nilimwambia tulipotoka.

"Kicheko hakifui shuka," akasema. Nyumba hiyo ikaishia hapo.

Ya pili ilikuwa na sakafu inayong'aa na ukimya wa maktaba. Matroni alitupokea mwenyewe, mwanamke mrembo mwenye sauti ya chini. Shangazi hakusikiliza hata neno moja kati ya yale aliyoelezwa kuhusu chakula na mazoezi. Alikwenda moja kwa moja kwenye vitanda. Alifunua shuka, akapitisha mkono chini yake, akabonyeza godoro, akainama kunusa. Kitanda baada ya kitanda. Mashuka yote yalikuwa meupe, yamevutwa yakanyooka, yamekauka kama yaliyotoka kwenye pasi sasa hivi. Alipoinuka nilimwona machozi yakimlengalenga.

"Hapa wanajua kazi," akaniambia kwa kunong'ona.

Tukamhamishia pale Baba Mkubwa, na tangu hapo kila Jumamosi ilikuwa siku ya kwenda kumwona, na mara nyingi nilifuatana naye. Kabla hajamuuliza hali, Shangazi alipitisha mkono chini ya makalio ya kaka yake, akapapasa. Kisha akatabasamu.

"Safi, kaka. Mkavu kabisa. Hongera."

Baba Mkubwa naye alitabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai. Mwanzoni alikuwa anajaribu kujibu kwa utani. "Polisi wa... vitanda," alisema mara moja, tukacheka hadi wenye vitanda vya jirani wakaamka. Baadaye akawa anangoja tu mkono upite, asikie ile hongera, halafu afumbe macho.

Matroni hakuwa mjinga. Alishamjua Shangazi ni mtu gani. Ikawa tukifika, wahudumu wamesimama kando ya vitanda kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha, na Shangazi anafunua cha kaka yake, kisha kwa heshima anafunua na vya wengine. Dukani akawa anaisifia nyumba ile kwa kila aliyeleta nguo. "Mzee wako mpeleke pale. Mimi nimepapasa kwa mkono wangu huu." Wapo waliompeleka mzee wao kwa sababu ya mkono huo.

Baba Mkubwa akaanza kukonda. Midomo ikapasuka, ngozi ya mikono ukiifinya inabaki imesimama. Nilimuuliza Shangazi mbona hivi. Akasema ni ugonjwa, akasema ni uzee, akasema ni upepo wa ile feni. Akamnunulia mafuta ya mgando, akawa anampaka midomo yeye mwenyewe kwa kidole. Mimi nilinyamaza. Nani angebishana na Mama Pasi juu ya mtu aliyelala kwenye shuka kama lile?

Kilichotufungua macho ni mapazia. Ofisi moja karibu na nyumba ile ilikuwa imeleta mapazia yake kufuliwa, tukayapeleka siku ya kazi, katikati ya wiki. Tukiwa njiani kurudi Shangazi akasema, "Tupite tukamsalimie." Askari wa getini alitujua, akatufungulia bila kupiga simu ndani.

Wazee walikuwa wametoka kula. Mhudumu mmoja, mama wa makamo aliyechoka uso mzima, alikuwa anakusanya vyombo kwenye kigari. Vikombe vingi alivyokusanya vilikuwa vimejaa. Alifika kwa Baba Mkubwa, ambaye alikuwa amenyoosha mkono wake mmoja kuelekea kikombe. Mhudumu akakichukua kikombe, akakiweka kwenye kigari pamoja na vingine.

"Dada," Shangazi akasema kutoka mlangoni, "mbona unaondoa maji na mzee hajanywa?"

Yule mama alishtuka hadi vijiko vikaanguka. "Amekunywa ya asubuhi, mama. Yanatosha."

"Yanamtosha nani?"

Mhudumu aliinama kuokota vijiko. Aliyejibu ni mzee wa kitanda cha pili, kinyozi mstaafu ambaye kila Jumamosi tulimkuta amelala. Leo alikuwa macho, na alicheka kicheko kikavu cha kukohoa. "Hapa maji ni dawa, mama. Tunapewa kwa kipimo. Ukilowesha kitanda unakalishwa kwenye kiti cha plastiki pale ukumbini, wenzako wakutazame. Kaka yako alikaa mara ya kwanza akalia. Sasa ameshajifunza, hakai tena."

Niliona damu inanipanda. Nilimwendea yule mhudumu nikiwa nimeshainua mkono, sijui hata nilitaka kufanya nini. Hakurudi nyuma. Alimtazama Shangazi, si mimi.

"Nisamehe, mama," akasema. "Lakini si wewe unayepapasa kila Jumamosi? Siku ile uliyokuta pamelowa kidogo kwa yule bibi wa dirishani, ulisema kwa sauti mbele ya Matroni, 'Hapa leo pamenuka.' Aliyekuwa zamu alifukuzwa kazi kesho yake. Tumebaki wachache, hatuwezi kubadilisha mashuka mchana kutwa. Sasa tufanye nini? Mtu asipokunywa, halowi."

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nilitafuta wa kumpiga mle chumbani, sikumpata.

Shangazi alikwenda kwenye kigari, akatafuta kikombe cha kaka yake, akasimama nacho kama mtu aliyesahau alichotumwa. Matroni alikuja mbio na sauti yake ya chini, akisema hii ni nyumba yenye sifa, na wewe mwenyewe mama ndiye shahidi wetu. Shangazi alimpita kana kwamba anapita nguzo. Tulimbeba Baba Mkubwa mimi, yeye na askari wa getini, tukampakia kwenye teksi. Nilipomwinua kwapani nilitarajia uzito niliokuwa naujua, nikakuta hakuna uzito.

Kwenye zahanati walimtundikia dripu, uso ukarudiwa na rangi kidogo. Daktari alitueleza bila kuzunguka. Figo zimeumia, lakini hazijafa. Dripu haiwezi kuwa maisha yake, kilichobaki ni yeye mwenyewe kunywa, kidogo kidogo, kutwa nzima. Akinywa, atakuwa nasi. Asipokunywa, tusijidanganye. Shangazi aliuliza mara mbili kama ni hayo tu, kunywa maji tu, akaambiwa ndiyo. Akatoka pale karibu ana furaha. Maji, alisema, ndicho kitu pekee ambacho dukani kwake hakijawahi kukosekana.

Alifunga mlango wa duka naye yumo ndani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya mchana. Alimlaza kaka yake kwenye kitanda chake mwenyewe, akatandika shuka jipya, akamwegemeza mito. Akaleta maji kwenye kikombe. Jua la alasiri lilikuwa linaingia kupitia uani.

"Kaka, kunywa."

Baba Mkubwa alikitazama kikombe. Koo lake lilipanda na kushuka. Kisha akakaza midomo kwa nguvu zote za ile nusu iliyo hai, akageuza uso.

"Kaka, ni mimi. Uko nyumbani. Kunywa."

"Mimi mkavu, nesi," akasema, polepole, kila neno peke yake. Akajisukuma kwa mkono wake mzima, akainua nyonga juu kidogo ya godoro ili kuacha nafasi. "Papasa."

Shangazi alitoa sauti ambayo sikuijua. Mara ya pili alijaribu kwa kijiko, maji yakateremka kidevuni, na Baba Mkubwa akahangaika kujifuta kabla hayajafika kitandani. Mara ya tatu alijaribu kwa kitambaa chenye maji, akakitema. Alikuwa anatetemeka kwa kiu na kwa hofu pamoja.

Ndipo Shangazi alipokaa kitandani kando yake, akachukua jagi zima, akajimwagia mapajani. Maji yalilowesha gauni, yakalowesha shuka, yakaingia kwenye godoro.

"Tazama, kaka," alisema, huku analia waziwazi sasa. "Tazama, nimelowa mimi. Kitanda chote kimelowa. Nani amegomba? Hakuna anayegomba hapa. Kunywa, nakuomba, lowesha unavyotaka."

Baba Mkubwa aliliona lile shuka. Macho yakamtoka, akatazama mlangoni, kisha akamtazama Shangazi usoni kwa muda mrefu, na nikaona kwamba amemtambua. Alikamata ncha ya blanketi kwa mkono wake mmoja, akaanza kulivuta juu ya mahali palipolowa, kwa haraka, akifuta na kufunika, akifuta na kufunika.

"Usilie, mdogo wangu," akamnong'oneza. "Wakija, nitasema ni mimi."