Nilikataa trei ya mayai Nesitu, binti yangu akayakuta Custom

Wakuu, habari za huko. Niko Juba, na hii imenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nimekaa nayo mwezi mzima, naandika nafuta, naandika nafuta. Leo naimwaga yote.

Mimi ni mtu wa hapa lakini nimekulia Kenya. Amani iliposainiwa tukarudi. Mke wangu bado yuko Eldoret anamalizia chuo, kwa hiyo nyumbani Atlabara tuko wawili, mimi na binti yangu Poni, miaka minne.

Poni ana aleji ya mayai.

Si ile ya kujikuna kidogo. Akila, midomo inavimba, kifua kinabana, pumzi inakatika. Daktari alituambia yai lisimguse mdomo, na hata sufuria iliyokaangia yai tusimpikie nayo.

Basi nikawa mpishi kwa lazima. Pancake naponda ndizi mbivu badala ya yai, inashika vizuri tu. Samaki namviringisha kwenye unga wa mahindi. Dengu, bamia, kisra ya jirani, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi, siku inaenda.

Kilichonishinda ni mandazi. Yangu ukimrushia mbwa anakimbia, anadhani jiwe. Poni aliuma moja akanirudishia mkononi.

So nikawa namnunulia kwa Mama Sandra, Mganda mmoja anayekaanga pale soko la Custom, asubuhi nikimpeleka nursery. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mama, unaweka yai humu?"

Akacheka. "Yai iko wapi Juba hii? Mimi naweka unga, sukari na maji tu."

Nikaridhika. Sikumwambia kwa nini nauliza.

Jamani, sisi tuliotoka Kenya tunachekwa hapa vya kutosha, eti watoto wetu wanachagua chakula kama watoto wa mawaziri. Niliona aibu. Hapo ndipo nilipokosea, mpashike hapo.

Wakati huo ilikuwa mvua, barabara ya Nimule, ile inayotoka Uganda, imeharibika, malori hayatembei. Na mimi kazi yangu ni Nesitu, nje ya mji kwenye barabara hiyo hiyo, kwenye yadi ya malori. Mimi ndiye napanga lipi litangulie kuingia mjini.

Njia ilipofunguka foleni ilikuwa ndefu ajabu. Dereva mmoja kutoka Uganda akanifuata, kabeba mayai lori zima. "Boss, saidia mimi, hii jua itamaliza mayai yangu." Nikamhurumia, nikamtoa mbele ya wenzake.

Kwa shukrani akanipa trei moja. Nikakataa. Nikamwambia kwangu yai halivuki mlango.

Niliondoka pale najiona baba wa maana sana.

Siku iliyofuata, asubuhi, mandazi mawili kama kawaida. Poni alikula nusu ya la kwanza akaanza kukohoa. Nikadhani limempalia. Kumtazama, mdomo wa juu umeshafura. Akaniambia, "Baba, shingo inanibana."

Sikumbuki nilipandaje boda. Nakumbuka namwambia usilale Poni, usilale, na pumzi yake inapiga filimbi kifuani kwangu. Niliogopa, wakuu. Sijawahi kuogopa vile, na vita nimeviona.

Kliniki wakamchoma sindano. Tukakaa mpaka mchana, mimi nahesabu pumzi tu, ndipo wakaturuhusu.

Nikapitia Custom, Poni begani, nimeiva kwa hasira. Kabla sijafungua mdomo Mama Sandra akaniwahi, anatabasamu.

"Baba Poni, mandazi ya leo iko tamu, eh? Mayai imeingia jana. Nikasema wacha customer zangu wafurahi."

Mayai ya jana ni yale niliyoyapitisha mimi. Nilikataa trei moja, nikaingiza lori zima.

Nikamweleza yote. Akatoa karai motoni, akaketi, akamshika Poni mguu.

"Huyu mtoto mimi naona kila siku. Jina yake najua. Kwa nini wewe hapana ambia mimi?"

Nikamwambia niliogopa kuchekwa.

Tangu siku ile mandazi ya Poni hukaangwa ya kwanza kabisa, kwa mafuta mapya, kabla yai halijavunjwa. Mama Sandra akamwambia mkaanga chapati wa jirani, mimi nikamwambia mwalimu wa nursery. Wiki haikuisha, nusu ya Custom ilikuwa inajua. Hakuna aliyecheka. Miezi yote ile nilikuwa nalinda aibu yangu, na mtoto ndiye alikuwa anailipia.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nauona kama msemo wa kuandika kwenye kanga tu.

Lakini sijatulia, nisiwadanganye. Kila lori la mayai likipita Nesitu napanda juu ya mzigo kutafuta network, napiga Custom. "Mama Sandra, mayai yanakuja." Jana hakunisubiri nimalize. "Ya Poni nimeshatoa. Wewe fanya kazi yako."

Wenye watoto wa namna hii, mnawaambiaje watu bila kuonekana mnaringa? Niandikieni hapo chini. Na anayejua mandazi aniambie ninapokosea. Mama Sandra amenifundisha mara mbili, Poni bado ananirudishia mkononi.