Mtungi Kwenye Mbeleko

Apolinaria wa Chemchem, Tabora, alikuwa na mbeleko moja tu, na kwa miaka mingi hakuigusa. Mwanawe Bundala alifia ndani yake, akikimbizwa hospitali kutoka Usoke, na mama hakujua mpaka alipomfungua. Watu waliendelea kumwita Mama Bundala. Naye aliitika, angefanyaje?

Aliitoa tena sandukuni kwa ajili ya Kherunisa, mjane wa Kihindi wa Mtendeni ambaye yeye Apolinaria alimfulia nguo tangu ujana wao. Nyumba ya Kherunisa ilikwisha kutaifishwa, na sasa mapafu nayo yalikuwa yanamwacha. Hospitali ya misheni ilimwazima mtungi wa oksijeni, eti mdogo, kana kwamba chuma nacho kina udogo. Kwenye kikapu uligonga magoti; begani kamba ilimkata. Basi Kherunisa akatawa ndani kama mwali.

Kisha ikaja habari kwamba binti yake Nurbanu, aliyeolewa Kigoma, angepita na treni kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko Kanada, asirudi tena. Kherunisa alitaka kumwona. Lakini akiuona mtungi atashuka, alisema, na akishuka nafasi ile haitarudi.

Ndipo Apolinaria alipoubeba mtungi mgongoni, akaukaza kwa mbeleko na kujitanda kanga juu yake. Mpira mwembamba wa hewa ulipita mpaka puani kwa Kherunisa, aliyejiziba kwa mtandio, eti vumbi. Wakaenda stesheni wameshikana mikono, na kwa mara ya kwanza mgonjwa hakuulalamikia uzito. Njiani watu walimpongeza Apolinaria kwa kupata mjukuu. Hakuna aliyechungulia, maana mtoto mchanga wa watu hafunuliwi barabarani.

Walichosahau ni Tabora yenyewe. Treni ya Kigoma haiondoki mpaka iunganishwe na mabehewa ya Mwanza, na siku ile ya Mwanza yalichelewa. Nurbanu alizungumza dirishani, akalia, akazungumza tena. Mama yake alimkataza kushuka, asije akaibiwa mizigo. Apolinaria aliusikia mtungi ukivuma mgongoni, kidogo kidogo, kama pumzi ya mtoto. Kisha ukanyamaza.

Aliujua ukimya ule. Akamgeukia Kherunisa, lakini huyo alimkataza kwa macho asiseme neno. Taratibu akauchomoa mpira, akaushusha mtandio, akamwonyesha mwanawe uso mzima.

Nurbanu alifurahi kuuona, kisha akamgeukia Apolinaria. "Mama Bundala, mtoto wako hasumbui hata kidogo. Amelala?"

"Amelala, mwanangu. Safiri salama."

Kherunisa alisimama wima akipunga mkono mpaka behewa la mwisho lilipopita. Halafu akaketi kwenye changarawe, midomo imebadilika rangi. Apolinaria akapiga magoti, akamkumbatia, akaita watu kwa kilio alichokuwa amekibana tangu Usoke.

Watu walikuja mbio. Walimpita Kherunisa, wakaenda kumfungua mtoto.